Miaka Niliyokuwa Mama wa Baba

"Na hapa, unafanyaka nini?"

Sista Béata aliuliza hivyo, ncha ya kalamu yake ikiwa juu ya kisanduku kitupu. Katika karatasi yangu nzima hakukuwa na kingine kilichobaki kitupu. Alikuwa ametuagiza sote, wasichana wa mwaka wa nne wa sekondari, tujichoree ratiba ya siku tangu kuamka hadi kulala: saa za darasani, saa za kazi za nyumbani, saa za kujisomea, na chini kabisa saa ya kupumzika. Wenzangu walianza na hiyo ya mwisho. Kusuka nywele. Kwaya. Nzango. Mmoja aliandika "kusema ya bantu", yaani kusengenya, akaambiwa afute. Mimi nilijaza maji, jiko la mbabula, soko, hesabu, kemia, kufua, kupika, nikafika pale nikasimama.

"Nalala, Sista."

"Kulala iko pale." Akaonyesha kisanduku kingine. "Hapa nauliza kitu unapenda kufanya. Hakuna mutu anakutuma, hakuna mutu anakungoja. Unafanya nini?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa wa pili darasani, na swali rahisi kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule lilinishinda.

Alikuwa ameniita ofisini kwa sababu siku iliyotangulia nilianguka wakati wa kusalimu bendera. Ilikuwa miaka ile ambapo bendera ilibadilika, pesa ikabadilika, hata jina la nchi likabadilika. Mwalimu wetu wa jiografia, mtu mwenye tahadhari, alituambia jina la nchi tuliandike kwa penseli. Kila siku kabla ya masomo tuliimba wimbo mpya wa taifa, ambao wazee walisema ni wa zamani, na hakuna aliyejua vizuri ubeti wa pili. Mimi nilianguka katikati ya ubeti huo. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba kwa muda mfupi watu walidhani nimepiga magoti kwa heshima.

Sista Béata hakudhani hivyo. Alinitazama macho, akatazama ratiba, akasema wiki hiyo hiyo anataka kuonana na baba yangu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiogopa, lakini sikuogopa adhabu. Baba yangu hakuwahi kuniadhibu. Nilichoogopa nitakieleza, ila inabidi nianze na jina.

Naitwa Mwadi. Ni jina la mama mzazi wa baba, na kwa watu wa upande wake, waliotoka kaskazini kufuata kazi za kampuni ya madini, jina la mtu halitolewi hivi hivi. Ukipewa jina, unapewa na kiti cha mwenye jina. Kwa hiyo baba aliniita mama. Hakuwa akinitania wala hakuwa akinibembeleza kama watu wanavyomwita binti mdogo "mama" ili anyamaze. Aliniita mama kama mtu anayemwita mama yake. Alinisalimu asubuhi kwa kuinama kidogo na kupiga makofi mawili laini. Nikimpa kitu, alikipokea kwa mikono miwili. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo katika kila nyumba ya mtaa wetu wa Naviundu ni ya baba, iliwekwa kwenye sahani yangu, na yeye alikula shingo.

Mama aliyenizaa aliona jambo hili lote kama mchezo mzuri. "Mama mukwe," alikuwa ananiambia asubuhi, "umeamkaje? Mutoto yako hakuniacha nilale, alikuwa anakoroma kama kamio ya mizigo." Halafu anacheka, na baba anacheka, na mimi nilipokuwa mdogo nilicheka zaidi yao wote, kwa sababu ni nani asiyependa kula firigisi.

Baba alikuwa na habari nyingi za Nkambo Mwadi, bibi yangu, ambaye sikumwona kamwe. Alizitoa wakati usiotarajiwa. Nikiruka kwa kuona chura karibu na bomba, alisema, "Njo yeye kabisa. Nkambo yako aliogopaka bachura." Nikicheka na kufunika kinywa, alisema, "Njo vile alichekaka." Nikikataa sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na karanga, alitikisa kichwa kwa furaha na kumwambia mama, "Unaona? Ile ni Mwadi. Haiwezi kuwa mwingine." Nilikua nikimjua huyo mwanamke kuliko nilivyowajua majirani. Alikuwa mbishi, alipenda kuuliza, alilala ubavu wa kushoto, hakupenda kuguswa nywele.

Mtoto huelewa mambo kwa jinsi anavyoyapokea. Mimi nilielewa kwamba hakuna kitu changu. Kama kila ninachofanya kilishafanywa, basi mimi ni nani? Nikiona chura na moyo ukaruka, nilijiuliza ni nani anayeogopa, mimi au yeye. Niliamini kwamba baba anampenda mtu mmoja sana, na kwamba mtu huyo anapita ndani yangu kama maji yanavyopita kwenye bomba, na bomba lenyewe hakuna anayelishukuru.

Hilo lilikuwa wazo tu mpaka nyumba yetu ilipoanza kuvunjika.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya kampuni. Kwanza ulikoma unga wa posho. Kisha mshahara. Kisha siku moja lango la karakana lilifungwa kwa mnyororo, na baba na wenzake wakaendelea kwenda kila asubuhi, wamevaa salopeti za bluu, wakikaa chini mbele ya mnyororo kama watu wanaomngoja daktari. Baada ya muda wengine waliacha, na yeye akaacha. Mama alianza biashara ya mpakani. Alipanda juu ya magari makubwa ya wafanyabiashara wa kutoka Kivu, akaenda Mokambo kutafuta unga, akarudi, akauza, akalala siku moja kama mtu aliyepigwa, akaondoka tena. Safari zikawa ndefu. Wadogo zangu wawili walipelekwa Likasi kwa bibi mzaa mama, kwa sababu huko kulikuwa na shamba. Mimi nilibakizwa kwa ajili ya shule. Ndivyo walivyosema. Tulibaki wawili nyumbani, mimi na baba.

Ilikuwa hapo nilipojua maana ya kiti nilichopewa. Baba aliyepoteza kazi alifanya kile ambacho mtoto mwenye shida hufanya: alimwendea mama yake.

"Mama, leo tutakula nini?"

"Mama, hii suruali iko inafaa kushona?"

"Mama, nitoke kidogo kutembea?"

Aliomba ruhusa ya kutoka. Mwanamume aliyekuwa na mikono iliyojaa alama za moto, ambaye watu wa mtaa walimwita Mwalimu kwa sababu aliwafundisha vijana wao kazi, alisimama mlangoni akingoja nitikise kichwa. Shule yetu ilikuwa na zamu mbili kwa sababu madarasa hayakutosha na walimu walipungua, na sisi tulikuwa wa mchana. Asubuhi nilichota maji, niliwasha mbabula, nilikwenda sokoni, nilisonga bukari, ugali wetu, kisha nikafungua daftari juu ya magoti yangu. Baba alileta kigoda chake akakaa karibu. Alikaa tu kunitazama ninavyofanya hesabu, kama watoto wanavyokaa karibu na mama zao wanapochambua mchele. Nikigeuza ukurasa alikohoa. Nikifunga daftari alisema, "Umemaliza, mama?" na nilijua kwamba sasa ataniuliza jambo.

Nyumba yenye watu wawili inaweza kuwa na upweke kuliko nyumba yenye mtu mmoja. Mtu akiwa peke yake angalau anaweza kungoja mwingine arudi. Mimi sikuwa na wa kungoja. Hata mama alipotoka Mokambo alikuwa ananikabidhi mfuko wa unga mlangoni na kuuliza, "Mama mukwe, mutoto anakula?" kisha analala.

Nyuma ya ua wetu wa matete kulikuwa na uwanja wa vumbi, na huko wasichana walicheza nzango. Wanasimama safu mbili zinazotazamana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, kisha wawili wanatupa mguu mbele kwa pamoja, na mguu wa nani umekutana na mguu upi ndiyo huamua pointi. Nilijua kila wimbo wao kwa kuusikiliza tu. Solange, jirani yangu tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa kiongozi wa safu. Kichwa chake kilionekana juu ya matete kila alipofika kileleni mwa kuruka.

"Mwadi! Kuja, tunapungua mumoja!"

"Niko napika."

"Mutoto yako hajui kupika?"

Wote waliangua kicheko. Baba, juu ya kigoda chake, alicheka nao bila kinyongo chochote. "Mumuache," aliwajibu kupitia matete. "Mama anachoka." Waliangua tena kicheko, na mimi nilikoroga bukari kwa nguvu mpaka mwiko ukalia.

Baba wa Solange alikuwa mlinzi kule uwanja wa ndege wa Luano. Alirudi jioni kwa baiskeli, na sauti yake ilifika kabla ya baiskeli.

"Solange! Masomo inaingiaka mu miguu?"

"Papa, niko nakuja!"

"Kuja na kitabu! Nitakuuliza ile ya jana, na ukikosa, utalala ukijua majibu!"

Wasichana walitawanyika kama kuku. Mara nyingine sandali ilirushwa, na siku zote ilikosa, nadhani kwa makusudi. Solange alipita karibu na ua wetu akikimbia, akicheka na kulalamika kwa pamoja: "Ule muzee ataniua, ataniua kweli." Mimi nilisimama nyuma ya matete nikisikiliza jinsi baba mtu alivyoendelea kufoka ndani ya nyumba yao, akimuuliza miaka ya wafalme na matawi ya mito, akimwita mvivu, akimwita kichwa cha mawe, kisha akimwita ale. Niliona wivu. Nilitaka sandali.

Kwa hiyo Jumamosi moja sikurudi. Baada ya kipindi cha marudio ya kemia nilibaki uwanja wa shule nikacheza nzango na wasichana ambao hata majina yao sikuyajua, mpaka soksi zangu zikawa nyekundu kwa vumbi na jua likashuka. Njiani nilikuwa natayarisha majibu. Atasema, ulikuwa wapi? Nitasema, shuleni. Atasema, mpaka saa hii? Nilifurahi nikiyapanga. Nilikuwa nakwenda kugombana na baba yangu kama mtoto yeyote wa Naviundu.

Alikuwa amesimama kwenye lango la lupango, yaani ua wetu, kofia mkononi. Mbabula haikuwa imewashwa. Hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Mama," alisema, "nilianza kuogopa."

"Nilikuwa nacheza."

"Ndiyo, mama."

"Baba, hautasema kitu?"

"Niseme nini?"

"Papa ya Solange angesema."

Alifikiri kwa uzito, kama alivyokuwa anafikiri juu ya chuma kabla ya kukikata. "Papa ya Solange," alisema mwisho, "mama yake iko ku mugini." Yaani huyo anaweza kumfokea binti yake kwa sababu mama yake yuko mbali kijijini, si yeye anayemfokea. Kwa baba hilo lilikuwa jibu kamili. Niliwasha mbabula nikiwa bado na sare.

Wiki iliyofuata ndipo nilipoanguka mbele ya bendera.

Baba alikuja shuleni na salopeti yake ya bluu, imefuliwa na kupigwa pasi, nambari ya kampuni ingali imeshonwa kifuani. Aliketi ukingoni mwa kiti. Sista Béata alikuwa mwanamke mpana, wa maneno machache, na alimweleza moja kwa moja.

"Papa, mutoto anachoka. Dokta ameona, haiko malaria. Anachoka kama mutu mukubwa. Anasoma muzuri, lakini akiendelea hivi hatafika ku examen d'État. Kuna kitanda kimoja ku internat. Atakaa hapa na sisi, atasaidia batoto badogo masomo yao, itatosha. Atasoma, atalala, atacheza. Tunangoja neno yako."

Baba alinigeukia. "Mama, unasemaje?"

Sista aligeuka kutazama mlango, kuona ni mama gani ameingia.

"Papa, mama yake iko Mokambo, tunajua. Tunakuuliza weye."

"Namuuliza huyu, Sista. Ye njo Mwadi."

"Hapa ku shule ye ni mutoto wa mwaka wa nne."

"Najua." Alipangusa uso kwa kofia. "Lakini mi siwezi kumutuma. Na siwezi kumukataza. Mutoto hatumaki mama yake, Sista. Nitaanzia wapi?"

Hicho ndicho nilichokuwa nimekiogopa tangu nilipoambiwa kwamba ataitwa. Nilikuwa nimesimama kati yao, na nilitaka neno moja tu. "Enda" lingetosha. "Baki" pia lingetosha, nakuapia, ningebaki na kuosha sufuria nikiimba, kwa sababu ningekuwa nimekatazwa na baba yangu. Lakini nikisema mwenyewe "nitakuja," nitakuwa mama anayemtupa mtoto wake asiyeweza kuwasha moto. Nikisema "nitabaki," nitaanguka tena, na mara ya pili hakuna atakayedhani nimepiga magoti. Nilimtazama baba mpaka macho yakanichoma. Alitazama kofia yake.

"Nitafikiri, Sista," nilisema.

"Mpaka Jumatatu," alisema Sista, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akinionea huruma bila kujua aiweke wapi.

Tulirudi kwa miguu. Baba alitembea nusu hatua nyuma yangu, kama kawaida yake. Barabara ya kwetu ilikuwa imejaa wanawake wenye magunia ya makaa, na vijana waliouza kila kitu kilichoweza kufunguliwa kwa bisibisi kutoka katika jiji: mabomba, nyaya, vitasa. Tulipofika daraja la mto Naviundu alisimama. Chini, wanawake walikuwa wanafua. Alishika chuma cha daraja, akapitisha kidole juu ya mshono wa kuchomelea kama mtu anayesoma mwandiko wa mwenzake.

"Nkambo yako alitokaka siku moja," alisema.

"Alitoka kwenda wapi?"

"Bukama. Kwa dada yake. Mi nilikuwa mudogo. Kama ule wa jirani mwenye kutambaa. Hapana, mukubwa kidogo. Alifunga bitu yake mu kitambaa, akasema: Naenda. Hivyo tu."

"Na weye?"

"Nilibaki."

"Na nani?"

Alitazama maji. "Na bantu."

"Ulilia?"

"Kidogo. Kisha nikazoea. Nilipikaka bukari mi mwenyewe, ilikuwa mubaya sana, inashika mu meno. Lakini nilikulaka. Muvua ikapita. Akarudi, ananenepa, anacheka. Na mi sikukufa."

"Alikuaga? Aliomba ruhusa kwa nkambo mwanamume?"

"Mama haombake ruhusa. Ye alijua wakati yake ya kutoka. Hakuna mutu alimukasirikia."

Nilikuwa tayari wakati huo mtu wa kutoamini. Walimu walikuwa wametufundisha jambo moja mwaka jana na kinyume chake mwaka huu, kwa sauti ile ile. Kwa hiyo nilimpima. "Kile kitambaa kilikuwa cha rangi gani?"

"Manjano," alijibu pale pale. "Na maua mekundu ku pembeni."

Mtu anayekumbuka maua ya pembeni hawezi kuwa anadanganya, niliwaza.

"Mbona ile haukunielezaka?"

"Haukuniuliza."

Tuliendelea kutembea. Kwa mara ya kwanza Nkambo Mwadi alinifaa. Mpaka siku ile alikuwa amenipa woga wa vyura na kazi za jikoni. Sasa alinipa barabara. Kama yeye alifunga vitu vyake akaondoka, na mtoto akaishi, na hakuna aliyekasirika, basi mimi niliye yeye ninaweza kufanya hivyo hivyo. Sikuona kichekesho kilichokuwamo, kwamba hata uhuru wangu niliuchukua kwa mkopo kutoka kwa marehemu.

Jumatatu asubuhi niliweka nguo zangu kwenye mfuko wa unga wa Mokambo. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda.

"Baba, naenda."

Aliinama kidogo, akapiga makofi mawili laini. "Aya, mama." Kisha alibeba godoro langu kichwani mpaka mjini, akatembea nusu hatua nyuma yangu njia nzima.

Ningependa kusema kwamba internat iliniponya. Iliniponya mwili. Nililala, nikaacha kuanguka, hesabu zikarudi kichwani. Lakini Jumamosi mchana, saa ya kisanduku kile kitupu, nilikuwa nakaa kitandani nikiwa nimeshika mikono yangu kama mtu aliyekuja kutembelea wagonjwa na kukuta wamekwenda. Mezani nilishindwa kuanza kula kabla wengine hawajashiba. Hakuna aliyeniita mama. Kwenye rejista nilikuwa Mwadi tu, kati ya Mujinga na Ngoy, na nilishangaa jina lile lilivyokuwa jepesi bila baba kulibeba. Nilipocheza nzango hatimaye, kila nilipotaka, nikagundua kwamba siipendi sana. Nilichopenda ilikuwa kuitwa. Kitu nilichopenda kweli nilikigundua kwa bahati, nyuma ya nyumba ya kufulia, mahali ambapo mashuka yalianikwa: kulala chali juu ya saruji yenye joto na kusikiliza nguo mbichi zikipigwa na upepo, bila kufikiri mtu yeyote atakula nini. Sista Béata alinikuta huko siku moja. Alisimama, akanitazama, akaenda zake, na jioni niliona ameandika kwa mkono wake kwenye ratiba yangu: "Mashuka."

Baba alikuja kila Jumapili. Alisimama langoni na karanga za kukaanga ndani ya karatasi, akaita kwa sauti iliyofika mpaka ghorofani: "Mama!"

"Mwadi, kimbia!" wasichana walipiga kelele. "Mutoto yako amefika, njaa itamuua!"

Nilishuka nikiwa na aibu na furaha katika ngazi zile zile. Alikuwa amekonda. Alianza kutengeneza mbabula kutoka kwa mapipa ya zamani, akawauzia wanawake wa Naviundu, na mikono yake ilikuwa tena na alama mpya za moto. Aliniuliza jinsi ya kuzuia bukari isishike chini, nami nilimweleza kupitia vyuma vya lango, na Jumapili iliyofuata alirudi kutoa ripoti. Hakuwahi kusema kwamba ana huzuni. Solange ndiye aliyeniambia kwamba jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda changu, si chake.

Nilifaulu mtihani wa serikali. Nilikwenda chuo kikuu, pale pale mjini, na huko nilijifunza kuyapa mambo ya kwetu majina makubwa. Nilisoma sura nzima juu ya majina na ukoo, juu ya mjukuu anayeshika nafasi ya bibi, na nikaandika kazi iliyosifiwa. Nilimfafanua baba yangu mpaka akaisha. Hapa kuna mtoto, niliandika, aliyelelewa na mama mwenye nguvu, akazoea kumtii, na mama alipokufa aliendeleza utii wake kwa binti. Mazoea tu. Nilifikiri nimemaliza swali hilo, na niliendelea na mengine, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza na siku zote kuna mengine.

Baba alikufa baada ya kuugua kwa muda mfupi, mimi nikiwa nimeshaanza kazi. Kwenye kilio chake walikuja watu wa kaskazini ambao hatukuwahi kuwaona, kwa kuwa miaka mingi treni zilikuwa zimekatika na barua hazikufika. Kati yao alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke mkavu, aliyekaa kwenye mkeka karibu yangu siku nzima bila kunitazama sana. Asubuhi ya mwisho wanawake walikuwa wanapeana hadithi za marehemu, za kuchekesha, kama inavyotakiwa kabla watu hawajatawanyika. Nilitoa yangu. Nikawaambia jinsi Nkambo Mwadi alivyofunga vitu kwenye kitambaa cha manjano akaenda Bukama, akamwacha baba na bukari inayoshika kwenye meno. Walicheka sana. Mama aliyenizaa alicheka mpaka akafuta macho.

Shangazi hakucheka.

"Nani alikuambia ile?"

"Ye mwenyewe. Ku daraja, siku nilikuwa naenda ku internat. Alikumbuka hata maua ya kitambaa."

Aliweka kikombe chini. "Mi njo nilimubeba baba yako ku mugongo," alisema. "Mi njo nilizunguka kwa bamama ba jirani kumutafutia maziwa. Nilikuwa mutoto, nilizunguka na yeye mugini muzima. Hakuna mutu alitaka wakupatie weye ile jina, Mwadi. Bote tulikataa. Baba yako akasema, mi nataka kumuona."

Nikamuuliza kumwona nani, ingawa nadhani nilikuwa nimeshajua, na akaniambia.

Nkambo Mwadi alikufa siku aliyomzaa baba yangu.